Kabla ya kununua sumu ya panya, tafuta tundu

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu panya wa nyumbani ni sumu ipi inayoua haraka. Ninalielewa swali hilo, kwa sababu mtu aliyekesha akisikiliza mikwaruzo darini hana subira ya habari za usafi na saruji, lakini kwa maoni yangu linaishika kazi kwa mkia. Panya aliyefia nyumbani mwako aliingia kwa kupitia mahali fulani, na mahali hapo bado pako wazi. Ukimuua bila kuziba alikopita, umemwandalia mwingine nafasi, tena nafasi yenye chakula na isiyo na mpinzani. Isitoshe, madhara makubwa ya panya kwa afya hayatokani sana na yule unayemwona akikatiza sebuleni, bali yanatokana na mkojo, kinyesi na viroboto ambavyo huachwa mahali usipotazama, na ambavyo haviondoki siku mnyama mwenyewe anapokufa.

Ninamzungumzia hasa panya mdogo wa nyumbani, mwenye uzito wa kati ya gramu 12 na 30, masikio makubwa na mkia unaokaribia urefu wa mwili wake. Wapo pia panya wakubwa wa aina mbili wanaoishi na binadamu karibu kila pembe ya dunia: panya mweusi, ambaye ni mpandaji hodari na hupenda mapaa na dari, na panya wa kahawia, ambaye ni mzito zaidi, huchimba mashimo ardhini na huzoea mitaro ya maji machafu. Ni muhimu kujua unapambana na yupi, kwa kuwa tabia zao hazifanani. Panya mdogo ni mdadisi, hivyo kitu kipya kikiwekwa njiani mwake atakikaribia usiku huohuo. Panya mkubwa hukishuku kitu kipya na anaweza kuukwepa mtego kwa siku kadhaa, na ndiyo maana wazoefu humwekea mtego wenye chambo lakini usiotegwa mpaka auzoee.

Panya mdogo jike hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21, mara nyingi huzaa watoto 5 hadi 8, na watoto hao huwa tayari kuzaa wakiwa na umri wa wiki 6 hivi. Kwa hiyo kumwona panya mmoja na kusema kwamba ni mmoja tu ni kujidanganya. Jambo linalotusaidia ni kwamba panya huyu hasafiri mbali. Akiwa na chakula cha kutosha, maisha yake yote ya kila usiku huwa ndani ya mita 3 hadi 10 kutoka kwenye kiota chake, na hutembea akiugusisha ubavu wake ukutani badala ya kukatiza katikati ya chumba. Ukipata alama zake mahali fulani, amini kwamba kiota kiko karibu na hapo.

Hivi karibuni jamaa yangu aliniita nimsaidie kuchunguza jiko lake, akiwa na hakika kwamba panya wake wanaingia kwa mlangoni. Tulitoa masufuria yote katika kabati lililo chini ya sinki, nikapiga magoti na kumulika kwa tochi. Bomba la maji machafu lilikuwa limepenya ukutani katika tundu lenye upana karibu mara mbili ya bomba lenyewe, na fundi alikuwa ameliacha hivyo kwa sababu mlango wa kabati ungelificha. Ukingo wa chini wa tundu ulikuwa na utando mweusi unaong'aa, yaani mafuta na uchafu wa manyoya ya wanyama waliopita hapo mara nyingi. Kando ya ukuta, na si katikati ya kabati, kulikuwa na vipande vya kinyesi vyeusi, vyembamba na vyenye ncha, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 3 hadi 6 hivi. Sponji ya kuoshea vyombo ilikuwa imenyofolewa upande mmoja, na nyuzi zake tulizikuta nyuma ya mfuko wa plastiki, zimeviringwa kuwa kiota. Harufu kali ya mkojo ilitupiga kabla hatujaona chochote kati ya hivyo. Mlango aliokuwa akiushuku ulikuwa umekaa sawasawa kwenye fremu yake.

Panya mdogo mmoja huweza kuacha vipande 50 hadi 80 vya kinyesi kwa siku, na mkojo wake huudondosha kidogokidogo popote anapopita, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kuwasiliana na wenzake. Kwa hiyo kisu ulichokiacha juu ya meza ya jikoni na mfuniko wa sufuria uliolazwa kifudifudi vyote huenda vimepitiwa. Hapo ndipo habari ya magonjwa inapoanzia.

Ugonjwa ambao pengine unastahili kutajwa kwanza ni leptospirosisi, unaojulikana pia kama homa ya mgunda. Bakteria wake huishi kwenye figo za panya, hasa wale wakubwa, bila kumdhuru sana, na hutoka pamoja na mkojo. Humwingia mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua au mdomo, mara nyingi kwa kugusa maji au udongo uliochafuliwa. Dalili huanza baina ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, kichwa kuuma, misuli kuuma hasa kwenye vigimbi vya miguu, na macho kuwa mekundu. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine mengi ya homa, wagonjwa wengi hutibiwa kitu kingine mpaka hali inapokuwa mbaya, ngozi na macho vikageuka manjano, figo zikashindwa kufanya kazi au mapafu yakatoka damu. Dawa zipo, zikiwamo doksisaikilini na penisilini, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba mtu anayekwenda hospitali akiwa na homa amweleze daktari kwamba nyumbani kuna panya au kwamba alisafisha stoo yenye kinyesi chao. Daktari hawezi kukisia jambo hilo kwa kukutazama.

Ugonjwa mwingine hausikiki sana, nao unamhusu huyuhuyu panya mdogo wa nyumbani kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye mbebaji mkuu wa virusi vyake, vinavyojulikana kwa kifupi kama LCMV. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuugua homa ya kawaida ikapita, ingawa wengine hupata uvimbe wa utando wa ubongo. Hatari kubwa iko kwa mama mjamzito, kwa sababu virusi hivyo vinaweza kumfikia mtoto tumboni, vikaharibu mimba au kumsababishia mtoto matatizo ya kudumu ya ubongo na macho. Mjamzito hapaswi kabisa kupewa kazi ya kusafisha kabati lenye kinyesi cha panya, hata kama amezoea kuwa ndiye anayepanga jiko.

Somo kuhusu vumbi lilitolewa kwa uchungu nchini Marekani mwaka 1993, watu wenye afya nzuri, wengine wakiwa vijana, walipoanza kufa kwa kushindwa kupumua katika majimbo ya kusini magharibi mwa nchi hiyo. Chanzo kilibainika kuwa aina ya virusi vya hanta vilivyobebwa na panya wa mwituni anayeingia majumbani na kwenye mabanda, na maambukizi yalitokea kwa kuvuta hewa yenye vumbi la mkojo na kinyesi kilichokauka. Kati ya watu 10 wanaougua aina hiyo ya Marekani, karibu 4 hufariki. Barani Asia na Ulaya zipo aina nyingine za virusi vya hanta, nazo hushambulia zaidi figo. Panya mdogo wa nyumbani si mbebaji wa ile aina ya Marekani, lakini mtu anayefungua stoo iliyofungwa muda mrefu hana njia ya kujua ni panya wa aina gani waliokuwa wakilala humo. Afrika Magharibi nako kuna homa ya Lassa, iliyotambuliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji wa Nigeria, ambayo huenezwa na panya anayeingia majumbani kutafuta nafaka na ambaye mkojo na kinyesi chake huchafua chakula na vyombo.

Tauni wengi huidhani kuwa hadithi ya kale. Bakteria wake walitambuliwa mwaka 1894 na Alexandre Yersin huko Hong Kong, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto ndio wanaoueneza ugonjwa kutoka kwa panya. Ugonjwa huo bado upo katika baadhi ya maeneo ya Afrika, Asia na Amerika, na unatibika kwa antibayotiki ukiwahiwa. Ninautaja kwa sababu unaonyesha udhaifu wa swali la sumu kali. Panya anapokufa na mwili wake kupoa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine ya moto, ambayo yaweza kuwa yako. Katika maeneo yenye tauni, wataalamu huanza kwa kuangamiza viroboto ndipo wakaua panya, kwani wakianza kwa panya huongeza hatari badala ya kuipunguza.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Salmonela kutoka kwenye kinyesi cha panya huchafua chakula na kuleta kuhara na homa. Protini iliyo katika mkojo wa panya mdogo huchochea pumu, hasa kwa watoto wanaolala katika vyumba vyenye panya wengi, hata kama hakuna anayeugua maambukizi yoyote. Na wapo watu wanaoumwa na panya mwenyewe, kwa meno. Waswahili tunasema kwamba panya huuma huku akipuliza ili aliyelala asihisi. Iwe kweli au la, mtu akiamka na jeraha dogo kwenye kidole asilipuuze, kwa sababu ipo homa itokanayo na meno ya panya, inayoanza siku kadhaa baadaye kwa joto kali, vipele na viungo kuuma. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha mtu aende kituo cha afya.

Sasa tuje kwenye usafi, ambao kwa mtazamo wangu ndio wakati wa hatari kuliko wote, na ndio wakati ambao watu hawana tahadhari hata kidogo. Mtu huona kinyesi, huchukua ufagio, na kwa mikwaruzo michache huwa amekirusha hewani na kukivuta puani. Usifagie kinyesi kikavu, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Fungua milango na madirisha, utoke humo kwa nusu saa ili hewa ipite. Vaa glavu za mpira. Changanya klorini ya kufulia nguo sehemu 1 na maji sehemu 9, mchanganyiko wa siku hiyohiyo, kisha nyunyizia kinyesi, mkojo na kiota mpaka vilowe kabisa, na usubiri dakika 5. Baada ya hapo futa kwa karatasi au kitambaa utakachokitupa, weka kwenye mfuko, funga, uweke ndani ya mfuko wa pili, ufunge tena. Sakafu ipigwe deki kwa mchanganyiko huohuo. Panya aliyekufa naye hulowanishwa kwanza kabla ya kuokotwa. Glavu zioshwe zikiwa bado mikononi, zivuliwe, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo za vumbi, hivyo isikupe ujasiri wa kuruka hatua ya kulowanisha. Na klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi au dawa yenye amonia, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu.

Baada ya kusafisha, au hata sambamba na kusafisha, zibeni matundu. Panya mdogo hupita penye upana wa milimita 6 hivi, kwa hiyo penseli ikipenya, naye huenda akapenya. Njia nzuri ya kutafuta ni kungoja usiku, mmoja akamulika tochi kwa nje kwenye msingi, milango na mabomba, huku mwingine akiwa ndani gizani akitazama mwanga unapotokeza. Matundu yanayozunguka mabomba na nyaya yajazwe nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zishindiliwe, kisha zifunikwe kwa saruji. Povu la kuziba nyufa, likitumiwa peke yake, ni kazi bure, kwa sababu panya hulitafuna kama anavyotafuna mbao, plastiki laini na maganda ya nyaya za umeme, jambo ambalo nalo huweza kuleta hitilafu na moto. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye vijitundu visivyozidi milimita 6, na chini ya mlango upigiliwe ubapa wa bati au mpira mgumu wenye chuma ndani. Mitego iwe tayari ndani wakati huo, maana hutaki kumfungia panya nyumbani bila kuwa na namna ya kumpata.

Kuhusu chakula, kumbuka kwamba panya mdogo hula takriban gramu 3 tu kwa siku, akidonoa huku na kule. Makombo yaliyo chini ya jiko yanamtosha. Unga, nafaka na biskuti zikae katika vyombo vya kioo, chuma au plastiki ngumu vyenye vifuniko vya kubana. Watu wengi hukumbuka hayo, lakini husahau sahani ya paka au ya mbwa inayolala sakafuni ikiwa na chakula usiku kucha, na hiyo mara nyingi ndiyo karamu yenyewe. Kumnyima maji panya mdogo hakusaidii sana, kwa kuwa hupata mengi katika chakula chake. Panya mkubwa ndiye anayehitaji maji ya kunywa kila siku.

Kwa kukamata, mtego wa kawaida wa springi bado ni mzuri, mradi uwe sahihi na wa kutosha. Usiweke mmoja, weka mingi kwa wakati mmoja, kila baada ya mita 2 au 3 mahali penye alama, ukiulaza mtego uikingame njia ya panya huku upande wenye chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo sana na chenye kunata, kama siagi ya karanga, ili asiweze kukinyakua na kukimbia. Wapo wanaofunga uzi au pamba kwenye kishikio cha chambo, hasa mahali penye majike yanayotafuta vifaa vya kiota, na hufanya kazi. Mitego ikaguliwe kila asubuhi. Mitego ya gundi siipendi, na si kwa huruma peke yake: mnyama aliyenaswa akiwa hai hujisaidia hapohapo akihangaika, halafu mtu analazimika kumshika akiwa bado anaweza kuuma. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayohusu eneo la England, na tangu Julai 2024 mwananchi wa kawaida huko haruhusiwi kuitumia.

Sumu ninaiweka mwisho kwa makusudi. Nyingi kati ya zile za madukani ni za kuzuia damu kugandana, ukoo ulioanza na wafarini iliyoingia sokoni kwa kazi hiyo mwaka 1948, na za sasa kama brodifakumu ni kali zaidi, kiasi kwamba mlo mmoja unatosha. Hata hivyo, panya hafi papo hapo. Hufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi ndani ya ukuta au darini, na kinachofuata ni uvundo na nzi kwa majuma. Paka au bundi akimla panya huyo naye huweza kudhurika. Mtoto akila sumu ya aina hiyo, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti yake, asitapishwe nyumbani. Vitamini K ndiyo dawa ya kuipinga, lakini daktari anahitaji kujua ni sumu gani. Hapo ndipo vipakiti visivyo na maandishi vinapotisha, maana hakuna anayejua kilichomo. Fosfidi ya zinki hutoa gesi yenye sumu tumboni, na haina dawa ya kuipinga. Vidonge vya kufukizia nafaka, ambavyo baadhi ya watu huvitupa darini ili kuua panya, hutoa gesi hiyohiyo na vimewahi kuua watu waliokuwa wamelala. Visiingie kabisa katika nyumba inayokaliwa. Ukilazimika kutumia sumu, iwe yenye lebo na iwekwe ndani ya kisanduku maalumu chenye kufuli, wala isichanganywe na chakula cha watu.

Vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi na kudaiwa kuwafukuza panya kwa mlio usiosikika na binadamu havina ushahidi wa kuaminika, na mwaka 2001 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia biashara liliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai hayo. Paka atakusaidia kwa panya wadogo, ingawa hawezi kuingia ndani ya ukuta, na kinyesi chake mwenyewe huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo panya aliyeliwa huenda ndiye aliyempa.

Ili kujua kama kazi imefanikiwa, usitegemee ukimya wa usiku mmoja. Futa kila kinyesi cha zamani, kisha nyunyiza poda nyembamba kando ya kuta jioni na utazame asubuhi kama kuna nyayo au mburuzo wa mkia. Acha mitego michache ikiwa imetegwa hata baada ya alama kutoweka kwa majuma kadhaa. Ikiwa unaishi katika jengo lenye kuta za pamoja na alama mpya zinaendelea kuonekana ilhali upande wako umezibwa vizuri, mwandikie mwenye jengo, ukimtajia mabomba na nyaya zinazopita kati ya vyumba, na umwombe zizibwe kwa jengo zima kwa wakati mmoja.